Chaki, Ukuta na Namba Mbili

Kwenye semina ya makocha tuliambiwa kwamba asiye na mashine anaweza kupima uchovu wa wanariadha kwa chaki na swali moja. Kabla ya mazoezi, kila mmoja anaruka na kuweka alama ya chaki ukutani, juu kabisa anapofika. Kisha unamuuliza: kuanzia moja hadi kumi, umechoka kiasi gani? Alama ikishuka siku kadhaa mfululizo, unampumzisha. Nilirudi shuleni kwetu Iyula kichwa kimenivimba, najiona daktari.

Nilikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita elfu tatu, ambaye sikuwa na shaka angeshinda mkoa. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Alfajiri alikuwa shambani kwa baba yake, mchana darasani, jioni kwangu. Nikimuuliza anajibu, "Mbili, mwalimu." Kila siku mbili. Ukutani alama yake ilishuka vidole viwili, baadaye vinne.

Niliuamini mdomo, kwa sababu ulisema nilichotaka kusikia na mashindano yalikuwa yamebaki wiki mbili. Tena nikamkemea, "Ruka vizuri, acha utani!" Huku kwetu mtoto akiulizwa na mkubwa kama amechoka, husema hapana. Anayesema ndiyo ni mvivu, na mimi mwenyewe nilishawacheka wengi mbele ya wenzao kwa kusema ndiyo. Halafu eti waniambie ukweli kwa kuwa sasa nimeshika daftari la namba zao. Mjinga mimi.

Mguu ulivunjika mazoezini akiwa mzunguko wa nne, peke yake, hakuna aliyemgusa. Hospitalini walisema mfupa ulikuwa umeanza kupata ufa siku nyingi nyuma. Mbio, walisema, asizitegemee tena.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Njia nzima nilipanga maneno. Baba yake alinipa kiti, mama yake akaniletea chai. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Binti alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa hogo la plasta hadi juu ya goti. Nilipotaka kufungua kinywa, machozi yakanitangulia.

Akainamisha kichwa, akashika mikono yangu kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Nimekuangusha."