Tela Lilifukizwa, Nati Hazikukazwa

Siku ile tela lilifukizwa udi kila pembe na likasomewa dua ndefu. Spana haikuligusa, na watu walikuwa wameshapanda.

Ilikuwa siku ya kupeleka vyombo vya mjukuu wangu. Kwetu mtoto wa kike akiolewa, kitanda chake, kabati, magodoro na masufuria hutangulia, na wanawake hukaa juu ya mzigo wakiimba mpaka kwa mume. Huyu wangu aliolewa Uroa. Mimi nakaa Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao hata vespa ikipakia mtu mnene inasita. Basi vyombo vikatolewa mabegani mpaka barabarani, na huko mkwe wangu, yaani mume wa binti yangu na baba wa bibi harusi, alikuwa ameegesha pikapu yake na tela la kuazima.

Tairi la kushoto la tela lilikuwa na pancha. Asubuhi akalitoa, likenda kwa fundi, likarudi. Mimi nimekaa kwenye baraza ya jirani hapo barabarani, namtazama. Akalitia mahala pake, akazizungusha nati tano kwa vidole, moja moja, akainua spana. Hapo ikaadhiniwa adhuhuri. Akaiweka spana chini, akashusha jeki, akenda kusali. Sina neno na sala. Lakini sijasikia pahala popote kwamba ukitoka msikitini utakuta nati zimejikaza.

Aliporudi akaikuta spana imelala kando ya tairi, na mtu akikuta chombo kimelala kando ya kazi hudhani kazi imekwisha. Akaitupa nyuma ya kiti. Vyombo vikapakiwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja kusoma dua yake, na mdogo wangu wa kike akalizunguka tela na chetezo, hata lile tairi likapata moshi wake. Lilikuwa linanukia kuliko mimi.

Mtauliza mbona sikusema hapo hapo. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasemeshani ovyo. Tangu amuoe binti yangu, yeye huniambia "Shikamoo, mama," nami humwambia "Marahaba," yeye anatazama chini na mimi natazama ukuta. Mengine yote hupitia kwa binti yangu, kama posta. Ni adabu nzuri na imetuepusha na ugomvi mwingi. Ila aliyeitunga hakuwa na tela.

Mimi nilishawahi kuyaona ya matairi. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la mchanga. Siku moja tunatoka shamba, likatupita tairi upande wa kulia, peke yake, linakwenda zake kwa heshima. Nikamuuliza, la nani lile? Akanijibu kuwa ni letu. Tukaishia migombani, na mguu wangu huu haujanyooka mpaka leo.

Sasa wanawake saba wamepanda, na mdogo wangu miongoni mwao. Ana umri wake na uzito wake, vyote viwili sivitaji. Kati ya pembe zote za tela akachagua kukaa juu ya lile tairi, akaanzisha wimbo.

Nikamwita binti yangu nikamwambia amwambie mumewe kwamba nati za kushoto hazijakazwa. Mumewe kasimama hatua mbili kutoka hapo, na masikio anayo. Akangoja mpaka aambiwe na mkewe, akatazama lami, akamtuma amwambie mama kwamba zimekazwa. Nikamrudisha binti amwambie kuwa mimi nilikuwa naangalia. Jibu likaja kwamba labda jua lilimchosha mama.

Mdogo wangu akanisikia kutoka juu ya magodoro. "Dada, acha uchuro," akasema. "Harusi ya mtoto, wewe unataja matairi?"

Wenzake wakaafiki. Kwetu balaa ukilitaja ndio umeliita. Basi sote tunyamaze, na balaa linyamaze, twende nalo Uroa.

Nikateremka barazani, nikajifunga kanga kiunoni, nikachutama kwenye tairi. Nati ya kwanza niliitoa kwa vidole viwili, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Ilitoka kama kizibo cha chupa ya maji. Ya pili ikaifuata. Nikenda mpaka mbele ya mkwe wangu, nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Shika, baba," nikamwambia, nikamtilia zote mbili kiganjani. "Nikuletee na tatu zilobaki?"

Wimbo ukakatika. Alizitazama zile nati mpaka nikamwonea huruma, kidogo. Safari hii hakumtuma mtu.

"Mama, adhana ilinikuta n'na spana mkononi."

"Nlikuona. Ushasali, sasa kaza."

Akakaza. Nilimsimamia, asizifuate nati kwa mzunguko bali akaze moja kisha inayoielekea, tairi likae sawa. Nikamwambia na la kulia. Akasema la kulia halikuguswa. Nikamwambia basi halitokasirika likiulizwa. Akaliuliza, na nati moja ikazunguka. Mdogo wangu alikuwa ameshashuka, bila kushikwa mkono, jambo ambalo hajalifanya tokea apate sukari. Hakuna mwanamke aliyerudi juu ya tela. Walijibana nyuma ya pikapu, magoti kwa magoti, na kuimba wakaimbia humo.

Tulipofika Dunga akasimamisha gari mwenyewe, kwani tairi lililotoka kutiwa sharti liangaliwe tena baada ya mwendo. Nati mbili zikakubali kuzunguka kidogo. Akaja dirishani kwangu kuniambia, nami nikamwambia vizuri. Kwa sisi wawili hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Uroa tulipokelewa kwa vigelegele. Nilipotoka kutawadha kwa ajili ya alasiri, nikamkuta mdogo wangu amezungukwa na wanawake wa kule, anawahadithia jinsi alivyoziona nati zinalegea na jinsi alivyokataa katakata kupanda. Mkwe wangu alikuwa anapita mlangoni na upande mmoja wa kabati. Akanitazama usoni, si chini, akasubiri niseme. Mimi nikatazama ukuta. Akacheka mpaka kabati likagonga mlango.