Betri ya Baba Sanyu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya hayakumpata binamu wa rafiki yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, tena si usiku wa manane kama mnavyopenda kusimuliana. Ilikuwa adhuhuri, jua linachoma, lami inanata kwenye matairi.

Mimi ni dereva wa lori, Mkenya, na nimepeleka mizigo Juba tangu kabla ya uhuru wa watu wa huko. Mwaka ule wa bendera mpya tuliingia mjini tukipiga honi, na akina mama wakatuletea maji ya kunywa barabarani huku wakicheza. Nilidhani taabu ya watu wale imekwisha. Kisha vita vikarudi. Tulikwama mpakani Nimule mpaka sisi tuliobeba unga tukaruhusiwa kwenda kwa msafara. Lori langu lilikuwa la mwisho, kwa kuwa ni zito na zee kama mwenyewe.

Sasa sikiliza. Njia ile, lori likiharibika, dereva hukata matawi na kuyalaza barabarani, mbele na nyuma, ili wenzake wajue kuna mtu amekwama. Ukishatengeneza, unayaondoa. Asiyeyaondoa tunamtukana mpaka na ukoo wake.

Juba ikiwa imekaribia, kabla ya kona moja, nikaona matawi mabichi, majani hayajaanza hata kunyauka. Nikapunguza mwendo. Pale pana kilima, nikakosea gia, injini ikazima. Mimi, na uzee huu wote wa usukani, kuzimikiwa na gari kama mwanafunzi! Nikageuza ufunguo. Tk. Nikageuza tena. Tk. Honi ikakoroma, ikanyamaza. Betri ilikuwa imekufa, na wenzangu walikuwa wamekwisha kata kona. Siku zile, lori likilala porini, dereva hakuamka. Niliogopa, sikufichi.

Ndipo akaja mtu kutoka upande wa kona, amebeba betri kichwani. Unaijua betri ya lori? Mimi naibeba kwa mikono miwili na bado mgongo unalalamika. Yeye aliibeba kama mkate, na hakuwa na hata tone la jasho.

“Mzee, gari imekataa?” akauliza. Kiswahili cha Uganda kile.

“Betri, ndugu yangu.”

“Mimi iko na betri. Leta spana.”

Tukafungua sanduku, tukatoa moja kati ya betri zangu mbili, ile iliyokufa, tukafunga yake. Mikono yake ilikuwa na masizi mpaka viwikoni, na alinuka moshi. Lakini dereva gani hanuki kitu? Nikamuuliza gari lake liko wapi.

“Iko hapo kwa kona. Hii betri ilinikataa mimi. Wewe haitakukataa.”

Nikageuza ufunguo, injini ikanguruma. Nilitaka kumkumbatia. Akarudi nyuma, akasema, “Bibi yangu iko Juba, kwa mtaa ya Gurei. Anachaji simu ya watu pale karibu na soko. Uliza Mama Sanyu. Amekataa kutoka Juba, anasema ananingoja. Chukua yeye na mtoto, peleka Uganda. Leo, mzee.”

“Panda twende wote basi.”

“Siwezi wacha gari.”

Hilo nililielewa. Dereva haachi gari lake. Nilikuwa nimeshaingiza gia aliposhika mlango. “Akiuliza nini ilinisimamisha, sema tairi. Usiseme betri. Tafadhali. Tairi.”

Sikuelewa, lakini niliahidi. Nikakata kona.

Hapo kwenye kona palikuwa na lori lililoungua. Si la jana. Majivu yalikuwa yameshanyeshewa, na majani yameanza kuota kati ya magurudumu. Kwenye bampa rangi ilikuwa imebaki kidogo, ikasomeka: SANYU. Kando yake palikuwa na kaburi fupi, la kuchimbwa na watu wenye haraka. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Yule bwana alikuwa ameinama barabarani, anapanga matawi yake. Nikapepesa macho, sikumwona tena. Niamini, sikuinua mguu kwenye pedali ya mafuta mpaka nikaingia mjini.

Sikuthubutu kuzima gari. Nilipita vizuizi vya askari injini ikinguruma, nikashusha unga injini ikinguruma, nikaenda moja kwa moja Gurei. Risasi zilisikika upande wa pili wa mji. Vibanda vingi vilikuwa vimefungwa. Cha Mama Sanyu kilikuwa wazi.

Nilimkuta mwanamke mwembamba, na msichana mdogo amelala kwenye mkeka. Mbele yake palikuwa na betri kubwa ya lori, safi, na nyaya za simu zimeizunguka. Kabla sijasema neno alisimama. Nadhani aliona uso wangu.

“Umetoka kwa Baba Sanyu.”

“Ndiyo, mama. Amesema usimngoje. Amesema uende nyumbani.”

“Yeye iko wapi?”

“Amebaki na gari lake.”

Alikaa chini taratibu. Akasema watu walikwisha mwambia, naye akawafukuza. Akaweka mkono juu ya ile betri, akaanza kuongea kama anaongea nayo. “Hii ni yake. Alikuwa na mbili nzuri. Nikamwomba, wachia mimi moja, ya kwangu imechoka, watu wanataka chaji. Akafunga ile mbovu, akaenda. Alicheka tu.” Kisha akaniinulia macho. “Mzee, nini ilimsimamisha?”

Sasa nikaelewa. Ewe msikilizaji, ungemwambia nini?

“Tairi,” nikasema.

“Tairi?”

“Lilipasuka, mama. Halina dawa hilo.”

Akafunika uso kwa kitenge, akalia. Nami nikatoka nje, nikalia kando ya lori, sioni aibu kusema.

Nilifungua sanduku nimrudishie betri ya mumewe. Ndani palikuwa na gamba tu la plastiki, limeyeyuka, limejikunja, na madini yake ya risasi yameganda chini kama uji uliopoa. Hiyo ndiyo iliyonifikisha Juba. Nilipoigusa, injini ikazima.

Mama Sanyu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui aliona nini, nilijitahidi kuziba kwa mgongo. Alichomoa nyaya za simu moja moja, akasema, “Chukua hii. Juba kwangu khalas, imekwisha.” Tukaifunga, gari likawaka. Jua halijazama tulikuwa tumevuka daraja la kutokea mjini, mtoto katikati yetu. Tulipofika kwenye kona nilimwambia mama afumbe macho, lakini hakufumba. Lilipotokea lile bampa akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo mpaka mbali. Nilimfikisha kwao salama.

Bado napita njia ile. Kwenye kona ile matawi huwa mabichi daima, kiangazi na masika, na lori lenyewe lilishaburutwa zamani. Vijana wanaoendesha siku hizi huyapita juu. Usifanye hivyo. Ukiona matawi, punguza mwendo, na usizime gari.

Mama Sanyu hunipigia simu mara kwa mara. Tunasalimiana, anauliza habari za watoto. Halafu anauliza tena, kila mara kama mara ya kwanza. “Mzee, ni tairi gani?”

Nawe ambaye sasa unajua, ukikutana naye huko Uganda na akakuuliza, chunga mdomo wako. Lilikuwa tairi. La mbele, upande wa kushoto.