Kurasa Alizozibana Bi Redio

Klipu nilizitoa mimi. Naliweka hili mezani mapema kwa sababu wapo watu wanaolizunguka kwa adabu. Wakiniona nikipita na kitoroli changu wanabadilisha mazungumzo. Msinionee huruma. Kazi yangu pale maktaba ni kupanga vitabu kwenye rafu, kuvipangusa vumbi, kubandika migongo iliyobanduka, na kutoa kila takataka ambayo wasomaji wanaisahau ndani: tiketi, majani makavu, na siku moja kijiti cha meno kilichokwisha kutumika. Klipu ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Inashika kutu, kutu inakula karatasi, na baada ya mwaka una kitabu chenye tundu. Kwa hiyo nikiona klipu, natoa. Miaka kumi na tisa nimetoa klipu na hakuna aliyewahi kuumia.

Lakini habari hii si yangu, ni ya Bi Redio.

Alikuwa karani wetu wa mapokezi, na jina hilo alipewa na watoto. Ukimwona humwekei thamani: kamwili kadogo, miwani ya kamba shingoni, kola iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akifungua mdomo sasa, ukumbi mzima unakaa chini. Wala hapazi sauti, ila inakufikia ulipo. Jumamosi alikuwa akiwasomea watoto hadithi, na wazazi waliokuja kuwachukua wakaanza kufika saa nzima kabla, wanasimama nyuma ya vile viti vidogo wakijifanya wanaangalia simu. Mkutubi mkuu akaona, akasema basi na hawa wapewe siku yao. Ikawa Alhamisi saa kumi jioni, chumba cha magazeti, viti ishirini. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Watu wazima na ndevu zao wanasomewa hadithi! Niliwauliza wenzangu kama na kulala kidogo baada ya hadithi watalazwa. Wiki ya tatu nikajikuta nimeegemeza kitoroli mlangoni, kazi imelala, natega sikio.

Alikuwa na tabia moja ambayo sisi wa karibu tuliijua. Alikuwa anaruka. Aliianza kwa mama yake mzazi, aliyemuuguza miaka sita macho yakiwa yamekwisha. Kila asubuhi alimsomea gazeti, na kila asubuhi aliruka tangazo la kifo la mtu ambaye mama anamfahamu. Yule mama alifariki akiamini rafiki zake wote wa ujana wako hai, ila ni wavivu tu wa kuja kumtazama. Bi Redio alikuwa akituhadithia hilo kwa kujivunia kabisa. Mimi nilimwambia mama wa watu amekufa na kinyongo bure. Hakunisemesha siku mbili.

Sasa, mwaka juzi alikuja mwanamke mmoja mapokezi, ameshika mkono wa mwanamume mrefu kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea. Mwanamume ni fundi wa vigae, na yule ni dada yake. Mtaani wanamwita Shangazi, kwa sababu ndiye aliyemlea binti wa Fundi. Mama wa mtoto alishaolewa kwingine, na Fundi kazi zake zilikuwa mbali, kwenye majengo ya watu, miezi mitatu hajaonekana nyumbani. Binti alikuwa na miaka saba. Alishikwa na homa, akafa, baba yake hayupo. Tangu siku ya mazishi Fundi alijifungia chumbani miezi saba. Alikuwa akitoka usiku kwenda chooni, basi. Kilichomtoa ni kwamba Shangazi alimwambia kuna mahali unakaa tu unasomewa, hakuna atakayekuuliza kitu.

Shangazi alimvuta Bi Redio pembeni, karibu na rafu niliyokuwa naipangusa, akamwambia, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Usimsomee habari ya mtoto kufa. Akijifungia tena, safari hii sitaweza kumtoa." Bi Redio akamwambia aondoe shaka. Kumbe alikuwa ameombwa kitu ambacho angekifanya hata bila kuombwa.

Riwaya iliyokuwa ikisomwa ilihusu familia yenye tanuri la matofali. Katikati yake kuna mjukuu anayeugua, na kwenye kitabu anakufa. Kurasa kumi na moja za kuugua, kufa na kuzika. Bi Redio alizibana kwa klipu tatu, na Alhamisi ilipofika akainua kitabu mbele ya uso, akatunga. Mtoto akafumbua macho, akaomba uji. Jamani, kile chumba! Muuza mitumba wa kiti cha mbele alipiga makofi. Na Fundi, ambaye kwa wiki tisa alikuwa amekaa na mikono mapajani, alicheka huku machozi yanamtiririka. Shangazi alituletea mkungu wa ndizi kesho yake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu mwongo wetu alijikakamua. Mtoto akishapona lazima awepo, na kitabuni hayupo. Basi kila Alhamisi Bi Redio anamchomeka: watu wanakula, "na mjukuu naye akala", watu wanahama, "na mjukuu akapanda juu ya mizigo." Wasikilizaji wakaanza kunung'unika. Muuza mitumba akauliza huyu mtoto mbona hasemi neno, hatumwi hata dukani, ana kazi gani humu ndani. Nilicheka nyuma ya mlango. Fundi hakucheka. Alimtetea, akasema mtoto aliyetoka kuugua anaachwa apumzike. Nilivyomsikia nikaacha kucheka.

Na si hilo tu. Fundi alijiandikisha darasa la ngumbaru, lile la watu wazima kule ghorofani. Kupima ukuta na kuhesabu vigae alikuwa anajua, lakini herufi alikuwa ameziacha darasa la pili. Kila Jumatatu alikuwa anapanda ngazi na daftari chini ya kwapa. Alianza kupokea kazi ndogondogo, choo cha huyu, jiko la yule. Shangazi alinenepa, naapa. Bi Redio akawa akipita kwenye korido unaona kabisa anajiona daktari.

Nafika sasa kwenye zile klipu. Mwisho wa mwaka nakagua vitabu vya mapokezi, na hicho kilikuwemo. Nikaona klipu tatu. Kitabu chenyewe sikuwa nimekisoma, nilidhani ni alama yake ya alipoishia. Nikazitoa, nikazitupa, nikanyoosha kurasa kwa kiganja, nikaendelea na kingine. Ile kunyoosha ndiyo inayoniuma zaidi, sijui kwa nini.

Jumatatu Fundi akateremka kutoka darasani. Bi Redio Jumatatu anapumzika, mapokezi nimeshika mimi. Akaniambia, kwa aibu aibu, kwamba anataka kuazima kile kitabu. Mwalimu kamwambia achague kitu anachokipenda ajizoeze. Nikamuuliza atakiweza chote? Akasema hataki chote, anataka asome kwa macho yake pale mtoto alipoamka. Akaniomba nimtafutie ukurasa. Nami nikamtafutia. Nikapekua mpaka pale mjukuu anapolazwa mkekani, nikamwekea kikaratasi, nikamwambia anzia hapa. Nikagonga mhuri. Aliniita dada, akashukuru mara mbili.

Alhamisi hakuja. Alhamisi ya pili hakuja, na Bi Redio alisoma akitazama kile kiti mpaka akarudia mstari mmoja mara mbili. Tulikuwa tunapanga viti Shangazi alipopiga simu. Amejifungia tangu wiki iliyopita, alisema, hali, hasemi, na ana kitabu chenu. Bi Redio akaweka simu chini, akaniuliza klipu zake ziko wapi. Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno yangu ya kutu tayari, lakini hakunifokea. Alikaa kwenye kile kigoda cha kupandia rafu, akasema twende.

Tulifika saa kumi na moja na nusu. Vyumba viwili, uani kuna masanduku ya vigae vilivyobaki. Shangazi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, uso umemshuka. Alituambia tumemuua ndugu yake. Bi Redio alipita akaenda mpaka kwenye mlango wa ndani, akasema, "Fundi, ni mimi. Nimekuja kukuomba msamaha." Tulingoja pale kiasi cha kuosha vyombo. Kisha komeo likasogea.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitabu kiko wazi magotini. Ndevu zimeota ovyo. Hakukasirika, na mimi ningependa angekasirika.

"Nimechukua siku nne kuusoma huu ukurasa," alisema. "Neno moja moja. Nikifika kwenye kufa narudi mwanzo. Nilijua mimi ndiye ninayekosea kusoma, kwa sababu nakumbuka sauti yako inasema kapona."

Bi Redio alimwambia alitaka kumlinda. Fundi akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei aliyokwisha kuitegemea.

"Ndivyo nilivyolindwa hata nyumbani kwangu. Nilipigiwa simu nikiwa kazini. Amepata nafuu, kaomba uji, njoo umwone. Nikaja, nikakuta viti vimepangwa uani."

Shangazi alishika mlango. Ndipo nilipoelewa nani alipiga ile simu. Nisimhukumu, kwa sababu sote tunafanya hivyo. Mtu akiwa mbali humpasulii msiba kwenye simu, unaogopa ataanguka njiani. Unamwambia mgonjwa anaendelea vizuri, wewe njoo. Nimewahi kuipiga mwenyewe simu ya namna hiyo, kwa kaka yangu, baba alipofariki, na nilijiona nina busara.

Fundi alimpa Bi Redio kitabu. "Soma kama kilivyoandikwa," alisema.

Akasoma amesimama, miwani puani. Sauti ile inayowakalisha watu ilikuwa imekauka, alisoma kama mtu anayesoma barua ya serikali. Kurasa zote kumi na moja. Homa, mkeka, bibi anayefukuza nzi kwa kanga, mtoto anavyoacha kuvuta pumzi katikati ya watu wanaozungumza mambo mengine. Akasoma na mazishi. Mara mbili alisimama, na mara zote mbili Fundi alimwambia endelea. Mimi nilitazama ukuta. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, ukiniuliza na nani siwezi kukwambia.

Alipomaliza, Fundi akamgeukia ndugu yake. Zaidi ya mwaka walikuwa wamekaa nyumba moja na hili hawajaliuliza wala kulijibu.

"Dada. Alikufa saa ngapi?"

Shangazi alikohoa kwanza. "Saa tatu asubuhi."

"Na ulinipigia saa ngapi?"

"Saa nne. Nilikuwa bado nimempakata."

Fundi akafikiri, vidole vyake vinahesabu juu ya goti kama anapima chumba cha mtu. "Saa nne," alisema. "Nilipokata simu niliwanunulia wenzangu wote soda. Tulikuwa kumi na wawili. Nilitia muziki kwenye simu, nikacheza juu ya sakafu mbichi mpaka msimamizi akaja kunifukuza."

Shangazi akaanza kusema alishindwa, kwamba neno lilikuwa mdomoni na likageuka lenyewe, angesemaje, yeye angesemaje. Akateremka na ule mlango mpaka akawa amekaa chini.

"Ungesema tu," Fundi alimwambia. "Ningesafiri nikilia. Nilikuja njia nzima naimba, dada, na yeye ameshakufa."