Ulimi Mpya, Plau Ileile

Kasimiri, fundi chuma wa Nakwa, hakujua kukaa. Hata uji aliunywa amesimama, akiutazama moto kana kwamba ungemtoroka.

Miaka ile ya shida, duka la ushirika lilibaki rafu tupu, na plau mpya haikuonekana Babati nzima. Majirani, kutoka Nakwa hadi Bonga na Sigino, walizungusha plau moja, shamba hadi shamba. Lakini ulimi wa plau, lile bapa la chuma linalopasua udongo, huisha upesi; kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na wake, unaning'inia ukutani. Zamu yako ikifika, unafungua ulimi wa jirani, unafunga wako. Ndimi zote ziliingia, kwa sababu zote zilifuliwa na Kasimiri, au na baba yake kabla yake, kwa kigezo kimoja cha bati.

Kisha Kasimiri akamfulia Mektilda, mjane jirani yake, ulimi mpya wa springi ya lori bovu. Aliutanua bawa, ubavu wake wa nje, ili ufunike udongo mwingi zaidi. Ili bawa lisigonge mguu wa plau, kile chuma ulimi unapofungwa, akasogeza matundu ya bolti nyuma, upana wa kidole. Akaupaka mafuta kama mtoto mchanga.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi Mektilda alifika karakana akihema, matope hadi magotini.

"Fundi, ulimi wako hauingii!"

"Umeugeuza?"

"Nimeugeuza, nimeubembeleza, nimeutukana. Ng'ombe wamefungwa nira, na plau ni yangu leo tu. Zamu ikirudi kwangu udongo umeshakauka. Watoto wangu wale nini?"

Kasimiri alibeba nyundo na tindo, akamfuata mbiombio. Shambani walimkuta Teodori wa Sigino ameketi kwenye tuta, akiilinda plau isije ikapotelea kwingine kabla ya zamu yake ya kesho.

"Nitatoboa mguu wa plau," alisema Kasimiri. "Kidogo tu."

"Toboa, baba, jua linapanda!" Mektilda alihimiza.

Teodori akainuka. "Mguu huo umeliwa na kutu, fundi. Ukiongeza tundu utapasuka, na ndimi zetu za zamani hazitashika tena. Au ndivyo unavyotaka? Tuje wote kwako kufuliwa ndimi upya, Bonga na Sigino nzima! Biashara safi hiyo!"

Kasimiri aliweka tindo kwenye chuma. Akaliondoa. Akaliweka tena. Akilini aliziona ndimi zile ukutani, nyumba baada ya nyumba, nyingine zimefuliwa na mkono wa baba yake. Akaunyakua ulimi mpya, akarudi karakana akikimbia.

Aliuchoma ukawa mwekundu. Akatoboa matundu pale kigezo kilipoonyesha, kisha akalikata lile bawa alilolipenda, nyundo ikigonga bila kupumzika.

Bolti ziliingia. Mektilda aliwapigia ng'ombe mluzi, Kasimiri akitembea nyuma, masikio kwenye chuma. Ulimi ulishika. Giza lilipoanza kuingia, mfereji wa mwisho ulifika mpakani.

Teodori aliufungua ulimi wa Mektilda, akafunga wake, wa zamani, umechakaa. Uliingia bila kugongwa.

"Sasa nalala," alisema.

Kasimiri hakulala. Mfukoni alikuwa na kile kipande cha bawa. Alikigeuzageuza njia nzima ya kurudi nyumbani, akitafuta mahali pengine pa kuutanua ulimi, mbali na matundu.