Nilivyohamisha Mirija ya Mwanaume kwa Brashi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Tusihangaike kutafuta mwingine.

Nilimfanyia mwanaume upasuaji mchana kweupe, mbele ya akina mama waliojaa mabenchi. Nilimng'oa mirija mahali pake, nikaitundika jirani na maini.

Hakulia. Alikuwa wa rangi ya mafuta, ukutani.

Mimi ni fundi wa mabango. Saluni, bucha, shule za udereva, zote nimezipaka. Basi kliniki ya wajawazito ikaniita niwachoree mwanaume na mwanamke, pamoja na viungo vyao vya uzazi, watu wafundishwe kwa kuona.

Mkunga mkuu akanipa mchoro wa kunakili, akanionya nisiongeze wala nisipunguze.

Sasa, kazi hiyo ilinikuta nyumbani kunawaka.

Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa kwa kisu. Mke wangu alivuja damu mpaka nikamwona daktari anatimua mbio kwenye korido. Ukimwona daktari anakimbia, jua hayuko mazoezini. Walimwokoa, lakini wakatuambia wazi: mimba nyingine itaondoka naye.

Kwa hiyo mmoja wetu afunge kizazi. Yeye au mimi.

Aliniomba niwe mimi. Alisema akizikumbuka tu taa za ile meza, mikono inakufa ganzi.

Nikamjibu nitafikiria. Wanaume wenzangu mnaijua hiyo. Ni hapana iliyovaa suti.

Ukweli, niliogopa kama kuku aliyeona sufuria inateremshwa. Nilijiona beberu aliyehasiwa: kitambi, sauti laini, ndevu zinapukutika moja moja.

Nikiwa juu ya ngazi nikaukodolea macho ule mchoro. Kwa mwanaume, mirija ya mbegu inaanzia kwenye korodani na kupita juu juu, chini ya ngozi tu ya mfuko wake. Kwa mwanamke, mirija ya mayai imejificha ndani ya nyonga, pande mbili za mji wa mimba. Kuifikia ni mpaka uingie tumboni.

Yaani karatasi imeshakula njama na mke wangu!

Nikajiuliza, kwani brashi ni ya nani?

Mirija ya mwanaume nikaipandisha tumboni, nikaizungusha nyuma ya ini kama waya wa umeme wa wizi. Ya mwanamke nikaisogeza chini ya kitovu, nje nje, kama vifungo vya shati.

Asubuhi yake mke wangu akaja, mtoto mgongoni. Nikajua kaleta mtoto kupimwa uzito. Nikashuka, nikajipangusa rangi, nikamwita kwa upole wa tapeli.

"Mama watoto, jionee mwenyewe. Kwako ni kufungua kifungo tu. Kwangu mpaka walipite ini."

Akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Na mimi, bwege, nikadhani nimeshinda.

Mama mmoja mwenye tumbo la miezi ya mwisho akauliza kutoka benchini, "Shemeji, huyo wa kiume anajifungua lini?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kicheko kikamtoa mkunga ofisini.

Aliitazama kazi yangu, akauliza kama ndivyo nilivyoumbwa mimi, nipelekwe maonyeshoni. Akachukua ufagio, akageuza mpini kuwa fimbo ya mwalimu. Akaeleza kwamba korodani zinaning'inia nje kwa sababu mbegu hazistawi kwenye joto la ndani ya mwili, na mirija yake iko hapo hapo. Hata mkono wa daktari unaipapasa kabla ya kukata. Sindano ya ganzi, tundu dogo, mtu anarudi kwake kwa miguu yake.

Nikajikuta nimeropoka. "Na sauti je, Sista? Na ndevu?"

Walicheka mpaka vichanga vikaamka.

Mkunga akasema homoni ya kiume haipiti kwenye mirija hiyo, inaingia kwenye damu moja kwa moja. Hata maji ya mwanaume yanaendelea kutoka, maana karibu yote hutengenezwa na tezi za ndani. Zinazokosekana ni mbegu tu, tena baada ya miezi kama mitatu ya kujikinga, na kipimo kithibitishe.

(Kwa mtakaouliza: ndevu ninazo, kinyozi wangu shahidi. Na ukuta niliurudia wote.)

Miaka yote ya mabango, siku hiyo ndiyo niliyojifunza: ukuta unakubali uongo wowote. Mwili haukubali.

Nikadhani yamekwisha. Mkunga akamgeukia mke wangu, akamwambia taratibu kwamba daktari yuko tayari kumpangia siku, kama alivyoomba.

"Siku ya nini?" nikauliza.

"Ya kurudi kwenye meza," mke wangu akasema, huku akimweka mtoto vizuri mgongoni. "Wewe si bado unafikiria."

Kumbe hakuleta mtoto kupimwa. Alichoka kunisubiri, akaja kujitoa yeye.

Akaelekea kwa daktari; nikasimama mlangoni nikamzuia. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini ulimi wa mwoga haujui breki.

"Subiri tuongee kwanza. Unajua mimi damu yangu nikiiona nazimia."

Akanitazama usoni.

"Baba watoto, yangu ilimwagika ndoo nzima ili wewe uitwe baba. Yako ni tone tu, ili hawa wabaki na mama."