Tundu la Pili

Mteja asiyemjua Mzee Taratibu humdhania amelala macho wazi. Humkuta kwenye kigoda mbele ya beseni la maji, tyubu imezama nusu, mikono imetulia, macho yameganda majini. Mteja mwenye haraka zake hukohoa, hutazama saa, huuliza kama fundi mwenyewe yupo. Fundi ndiye huyo. Ameziba pancha kwa miaka thelathini na mmoja katika banda lililoegemea ukuta wa nyumba yake, na jina la Taratibu alipewa na madereva waliochoka kungoja. Halimkasirishi. Husema upepo hutoka kwa wakati wake, na kazi ya fundi ni kuungojea mlangoni.

Na kweli huungojea. Kipovu cha kwanza kikijitokeza, mafundi wengine hubandika kiraka, kazi imekwisha. Yeye hutia alama ya chaki, halafu huizungusha tyubu upya, mzunguko mzima, polepole kuliko ule wa kwanza. Hapo ndipo anapopotea. Mabati ya banda huelea kwenye maji yakiwa juu chini, kipande cha mbingu nacho huingia, naye huelea pamoja navyo. Mkewe huapa kwamba siku moja atamkuta ametumbukia.

Asubuhi ninayoisimulia, tairi lililokaa chini lilikuwa la nyumbani kwake. Binti yake wa pekee, mtaalamu wa maabara, alikuwa amepata kazi katika hospitali iliyo mwendo wa saa nane kwa gari. Alitakiwa kuripoti kesho yake asubuhi, na barua ilisema waziwazi kwamba asiyefika, nafasi yake itakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Alipanga kuondoka saa tatu ili giza lisimkute njiani. Kigari chake cha mtumba kilikuwa kimepakiwa tangu jana: masanduku, godoro, sufuria, ndoo mbili, na pasi ambayo mama yake aliamini huko haipatikani, utadhani mtoto anahamia mwezini. Walipotoka wakakuta gurudumu la nyuma limebonyea hadi rimu inakaribia kugusa ardhi.

"Si kuna spea," mama alisema.

Wakashusha masanduku, godoro, sufuria, ndoo mbili na pasi. Mahali pa spea palikuwa patupu.

Mzee Taratibu akajikuna kisogo. Wiki mbili nyuma alimwazima mwalimu wa jirani lile tairi, na tangu hapo jambo lenyewe lilimtoka akilini. Mwalimu sasa alikuwa safarini, na tairi liko naye.

"Fundi wa tairi," mkewe alisema, akimpima kwa macho toka juu hadi chini, "umemgawia jirani tairi la mwanao."

"Nimemwazima tu."

"Haya. Na mwanao tumwazime miguu ya nani?"

Mzee alichukua jeki, akapiga goti. Mimi sitamfichia: alipoliona gurudumu lile limebonyea, kabla hata ya kuona aibu, alifurahi. Wiki nzima alikuwa akilala na kuamka na fikra moja, kwamba ile nyumba itakuwa na watu wawili wazee na kiti kimoja cha ziada. Hakumwambia mtu. Baba mwenye akili zake atamwambiaje mtoto aliyesoma miaka yote hiyo asiende kazini?

Alifungua nati, akavua gurudumu, akaitoa tyubu kwa vyuma vyake viwili, akaijaza upepo, akaizamisha. Binti akaja akaketi upande wa pili wa beseni, kwenye kreti iliyogeuzwa, mahali alipokaa tangu utotoni. Macho ya kuona vitu vidogo aliyapata hapo, kabla hajapewa hadubini. Mara kipovu kikapanda, kikubwa, kisha cha pili na cha tatu. Msumari. Mzee akatia chaki.

"Saa tatu kasoro dakika kumi, baba," binti alisema.

"Namalizia."

Akaanza mzunguko wa pili. Mpira ulipita mikononi mwake, laini, baridi. Juani palikuwa kimya. Hata mkewe, aliyekuwa akipanga upya sufuria, alikuwa kama yu mbali. Ndani ya maji mzee alimwona binti yake ana miaka minne, amekalia kreti ile ile, anauliza upepo ukishatoka unakwenda wapi. Hakumjibu siku ile kwa sababu hakujua. Hata leo hajui. Aliona pia jioni itakayokuja, sebule, taa, na mtu anayeingia bila kupiga hodi, naye ni binti huyo huyo, anaacha viatu mlangoni na kulalamika kuhusu vumbi. Ndoto hiyo ilikuwa tamu, akaikalia.

Ndipo alipokiona. Karibu na pua ya tyubu, pale pa kujazia upepo, kipovu kidogo mno, sawa na kichwa cha sindano. Kilijishika kwenye mpira, kikavimba, kikachomoka. Akahesabu hadi sita. Kikachomoka kingine.

Tundu la namna hiyo aliujua mwenendo wake. Halimwagi upepo papo hapo. Gari litatoka mtaani vizuri, litakwenda saa mbili, pengine tatu, kisha nyuma patalegea. Spea hakuna. Mtoto atapiga simu, baba atakwenda kumchukua, siku itakuwa imekwisha, na nafasi itakuwa ya mtu mwingine. Atarudi nyumbani. Na hakuna atakayemlaumu fundi, maana barabara zimejaa misumari.

Kidole gumba kikasogea. Tyubu ikateleza, sehemu ile ikapita, ikazama upande wa pili.

"Basi?" binti aliuliza.

"Basi," alisema mzee.

Aliitoa tyubu majini, akaikausha, akakwangua kwa msasa pale penye chaki. Akapaka gundi, akangoja, akabandika kiraka, akakigonga kwa nyundo ndogo. Kazi aliyoifanya mara elfu kadhaa, na leo mikono ilikuwa ya kuazima. Alimfikiria mtoto wake amesimama kando ya barabara, jua la mchana utosini, magari yanapita na kumtimulia vumbi, naye anaamini kwamba gurudumu lile lilipita mikononi mwa baba. Moyo ukamuuma waziwazi, hasa, kama jino.

"Kuna lingine," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Karibu na pua."

Binti hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua?"

"Nililiona kabla yako, baba."

Mzee aliweka nyundo chini. "Sasa mbona umenyamaza?"

"Na wewe ulinyamaza."

Mzee akageuka kutazama gari. Mkewe huko kwenye gari alikuwa akigombana na godoro, hakusikia kitu.

"Kama usingesema," binti aliendelea, "ningeondoka nalo hivyo hivyo."

"Ungekwama njiani, mwanangu."

"Ndiyo. Halafu ningekupigia simu uje unichukue."

Mzee akamtazama. Mwanamke mzima, cheti chake kiko ndani ya sanduku, naye bado amekalia kreti ya utotoni. Angeweza kusema neno moja tu, na neno hilo wote wawili walikuwa wanalingojea. Akalimeza. Akachukua msasa, akakwangua mpira karibu na pua kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyowahi kukwangua maishani, akapaka gundi, huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na gundi.

"Inataka dakika kumi kukauka," alisema.

"Tuipe kumi na tano," binti alisema.

Wakaketi. Hakuna aliyetazama saa. Muda ulipotimia, binti alishika tyubu upande wa pili na kuivuta ikakaza, baba akabandika kiraka na kukigandamiza kwa vidole gumba viwili. Waliizamisha tena, wakaizungusha mzunguko mzima, wote wawili wakiinamia maji, wakitafuta tundu la tatu kwa macho yao yote. Halikuwepo.