Walinizomea Nyumbani kwa Sababu Tulishinda

Nilifunga pointi thelathini na moja, timu yangu ikashinda, na mashabiki wetu wenyewe wakanizomea.

Wetu kabisa. Ukumbi wetu wa Toledo, na jezi zetu wamezivaa.

Mmoja akanirushia kikombe cha bia. "Wendell, fala wewe! Umetuharibia!"

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Naitwa Wendell Tubbs. Msimu ule nilikuwa na miaka thelathini na nne, mkongwe wa timu ya kikapu ya Toledo, huko Marekani, magoti yananidai. Kati ya mechi themanini na moja tulikuwa tumeshinda kumi na nne.

Kumi na nne!

Na haikuwa bahati mbaya. Kwenye ligi yetu, timu zinazoburuza mkia ndizo zinazopewa nafasi kubwa kwenye droo ya kumsajili kijana bora anayeingia ligi mwaka huo. Mwaka ule kila mtu alimtaka Jarrell Swope, miaka kumi na tisa, mrefu kama mlingoti, mkono wa dhahabu.

Asubuhi ya mechi ya mwisho, meneja mkuu Lindqvist akaniita ofisini. Kocha alikuwepo, anaangalia viatu vyake.

"Goti lako linauma leo," Lindqvist akasema.

"Haliumi."

"Sikukuuliza, Wendell. Nakwambia."

Damu ikanichemka. Miaka mitatu jamaa anauza wachezaji wazuri, anawakalisha benchi wanaojituma, halafu anaenda kwenye televisheni kuwaambia watu wasubiri. Watu wanakata tiketi, wanakuja na watoto wao, kumbe wanaletewa maigizo.

"Ukitaka tufungwe, vaa jezi uingie wewe," nikamwambia.

"Ukicheza leo, kazi hapa huna."

"Poa."

Kocha alinifuata kwenye korido. "Mimi sijaona karatasi yoyote ya daktari," akasema kwa sauti ya chini. "Jina lako lipo kwenye orodha."

Hadi robo ya nne tulikuwa nyuma kwa pointi tisa. Madogo wa timu wanatabasamu tu, wanasubiri filimbi wakaoge.

Nikamkunja mmoja jezi. "Rudi ukabe, au toka!"

"Mzee, tulia bwana. Si tunatakiwa kufungwa?"

"Nani kakutaka? Mama yako?"

Akakasirika. Hasira ndiyo niliyokuwa naitafuta. Akapora mpira mara mbili, nami nikafunga kila nilichorusha. Tukashinda kwa pointi mbili.

Ndipo zomeazomea ikaanza.

Lindqvist alinisubiri mlangoni, uso mwekundu. "Umempoteza Swope. Jiji zima litakukumbuka kwa hilo."

Kwa ushindi ule mmoja tulikuwa tumepanda juu ya timu mbili, nafasi yetu kwenye droo ikapungua. Wiki ile ile nikafukuzwa. Watu wakachoma jezi yangu nje ya ukumbi.

Droo ikachezeshwa mwezi uliofuata. Nilikuwa sebuleni na mke wangu. Bahasha ya mwisho ikafunguliwa.

Toledo.

Pamoja na ushindi wangu, Swope alikuwa wao! Na Lindqvist, bila aibu, akasimama mbele ya kamera: "Mpango wetu umezaa matunda."

Nikazima televisheni kabla sijaivunja.

Miaka mitatu ikapita. Wakafungwa, wakafungwa, wakafungwa, na Swope wao humo humo. Mimi nilikuwa nafundisha kikapu shule moja ya sekondari pale Dayton. Jioni moja simu ikaita.

"Kaka Wendell? Mimi Jarrell Swope. Hatujuani."

"Nakujua. Nilifukuzwa kwa ajili yako."

"Kaka, humu ndani tukipigwa kwa tofauti ya pointi thelathini, watu wanawasha muziki. Mwaka wa kwanza nilipiga kabati ngumi kwa uchungu, wakanicheka. Juzi tumepigwa tena." Akasita. "Nikajikuta naimba nao. Nimeogopa."

Nikamwambia, "Dogo, hama."

Majira ya joto akahama. Lindqvist akarudi kwenye televisheni akawaambia mashabiki wasubiri, wanajenga upya.

Sasa kuna mtu atakuja hapa kuniambia kufungwa makusudi ni akili. Kipaji unaweza kukiokota kwenye droo, sikatai. Lakini watu uliowazoesha kufungwa miaka mitatu, utawafundisha lini kuumia? Yule kijana walimpata wakamweka katikati ya watu wasioumia, na kidogo tu wamharibu.